Shajara ya mradi: Stesheni ya Nachingwea, 1949–1962

Machi. Mvua bado zinanyesha

Mjini Nachingwea kuna kata inayoitwa Stesheni. Wapo watu waliozaliwa humo, wakasoma humo, wakaoa na kuolewa humo, na hawajawahi kuona treni. Reli ilifungwa 1962, ikang'olewa, na kilichobaki midomoni mwa wengi ni hilo jina la kata. Ukimwambia kijana wa leo kwamba gari moshi lilikuwa linafika hapa kutoka Mtwara, anakutazama akisubiri umalizie utani.

Mradi huu ni wa kuandika historia ya stesheni hiyo wakati walioiona kwa macho bado wapo. Aliyekuwa na miaka 15 reli inafungwa sasa anaikaribia 80. Hatuna nafasi ya kuahirisha mpaka mwakani, na kila msiba wa mzee mjini hapa unanikumbusha hilo.

Mpango wenyewe unafuata majira. Mvua zikiwa zinanyesha tunashughulika na makaratasi na ramani, maana barabara za vijijini hazipitiki kirahisi. Kiangazi kikiingia tunakwenda kwa wazee, baada ya mavuno na kabla korosho hazijaanza kuanguka, kwa sababu msimu wa korosho hakuna mtu wa kukaa naye barazani. Nimeshapeleka maombi ya barua ya utambulisho. Bila barua yenye mhuri, mtu anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za ardhi ya zamani ya reli anaonekana amekuja kupima viwanja.

Machi, mwishoni. Makaratasi

Niandike hapa kisa cha mwanzo kwa ufupi, ili wenzangu wapya kwenye kikundi wasilazimike kuuliza kila mara.

Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aje kutazama ardhi. Ripoti yake ilipendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Tanganyika ilipewa 80, na katika hayo 55 yaliwekwa Jimbo la Kusini. Kongwa na sehemu zake zilipewa 15, jimbo la magharibi, yaani Urambo, 10. Mengine yalikuwa ya Kenya na Rhodesia ya Kaskazini.

Hizo 55 nimezipigia mstari. Mtu akisema mpango wa karanga, mawazo yanakimbilia Kongwa, kwa sababu kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947 na picha nyingi zilipigwa Kongwa. Lakini kwenye karatasi zaidi ya nusu ya mpango wote ilikuwa huku kusini. Kongwa ilitangulia kwa sababu Reli ya Kati ilikuwa jirani, wakajenga tawi kutoka Msagali. Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kina cha kutosha, kwa hiyo kila tingatinga na kila pipa la dizeli lilisubiri njia ijengwe kwanza.

Njia ikajengwa. Ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, bandari ya muda ya kuwahi kazi, ikafika Nachingwea 1949. Wajenzi ni shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililokuwa limeundwa mwaka mmoja tu nyuma, 1948, kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Upana wa njia ulikuwa mita moja, sawa na Reli ya Kati na ya Tanga. Bandari ya kudumu ikapangwa Mtwara, kwenye ghuba yenye kina kirefu cha asili, na reli ya kutoka Mtwara ikaja kukutana na ile ya Mkwaya mahali panapoitwa Ruo.

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuwa mpango mkubwa wa karanga umekwisha. Zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea.

Aprili. Hesabu iliyobadilisha mradi

Nimekaa na tarehe hizi siku kadhaa nikizipanga kwenye mstari mmoja, na kuna jambo limejitokeza ambalo nadhani ndilo moyo wa kazi yetu.

Stesheni ilifunguliwa 1949. Karanga zikafa mwanzoni mwa 1951. Reli ya Mtwara hadi Ruo ikafunguliwa 1954. Tawi la Masasi likafika 1958. Kufungwa ni 1962.

Maana yake stesheni ya Nachingwea ilihudumia mpango wa karanga kwa muda usiozidi mwaka mmoja na miezi kidogo. Miaka 11 iliyofuata, yaani karibu maisha yake yote, iliishi bila karanga za Waingereza. Na katika miaka hiyo 11 reli haikukaa ikisubiri kufa. Ilipata bandari yake kubwa na ikaongezewa tawi. Tawi la Masasi lilijengwa miaka saba baada ya mpango kutangazwa umekufa. Nani alipanda treni hizo? Zilibeba nini? Hili ndilo swali letu, na sioni mahali popote lilipoulizwa kwa uzito unaostahili.

Waandishi wa Ulaya wameandika sana juu ya karanga, kwa sababu ni fedha za walipakodi wao zilizopotea na mawaziri wao walioaibika. Hiyo ni haki yao. Lakini wakimaliza na 1951, wanafunga kitabu, na stesheni yetu inafungiwa humo humo. Nimewaambia wenzangu: sura ya karanga itakuwa fupi. Tutaiandika kwa usahihi, kisha tutatoka nje tukaangalie jukwaa lina nani.

Mwenzetu mmoja hakukubali. Anasema watu watatafuta habari za karanga, tusipowapa hawatasoma. Tumebishana vya kutosha. Mimi nimeshikilia kwamba anayetafuta karanga tayari ana vitabu vya kumtosha. Anayetafuta habari za babu yake aliyepanda treni hapa kwenda Mtwara hana hata ukurasa mmoja.

Mei, mwanzo. Ramani

Mvua zimepungua. Tumepata nakala ya ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000 na kuziweka sambamba na picha za setilaiti. Kazi hii nawashauri wote wenye mradi wa namna hii waifanye mapema, kwa sababu reli ina tabia yake ardhini na ukishaijua hutaichanganya na barabara ya zamani.

Gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali wala kukata kona ya ghafla. Kwa hiyo tuta la reli linakwenda kwa mapinda marefu ya taratibu, linakwepa vilima, linakatwa ardhini panapoinuka na kujazwa udongo panapodidimia. Njia ya miguu inashuka bondeni na kupanda ng'ambo. Tuta linavuka bonde kwa kimo kile kile. Kwenye picha ya setilaiti unaona miti ya mashamba imepangwa ovyo, halafu katikati yake mstari uliotulia kuliko vyote vilivyouzunguka. Mikorosho imepandwa hadi ukingoni mwake, na sehemu nyingine barabara imepita juu yake, maana mjenzi wa barabara akikuta tuta limeshashindiliwa hana sababu ya kuliacha.

Tumeanza kuchora mstari huo kipande kwa kipande. Tukiwa na uhakika tunatumia rangi nyeusi, tukibahatisha tunatumia kijivu, na sheria ya kikundi ni kwamba kijivu hakigeuki cheusi mpaka mmoja wetu amekanyaga pale kwa miguu.

Mei, katikati. Kwa wazee, mara ya kwanza

Barua ya utambulisho imepatikana. Tumeanza na wazee wa mjini.

Tatizo la kwanza tulilitarajia: tarehe. Ukimuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani?" anakupa mwaka kwa heshima tu, ili usiondoke mikono mitupu. Hiyo si tarehe. Tumejifunza kuuliza kwa matukio ya maisha yake. Babu, ulikuwa umeshaingia jando? Bibi, ulikuwa umeshachezwa unyago? Mzazi mwenzio alikuwa amezaa wa ngapi? Huku kwetu kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde jando ni kalenda. Wanaume walioingia pamoja wanajuana mpaka uzeeni, na ukimpata mmoja mwenye cheti cha ubatizo au cha shule chenye mwaka, umewapata wote.

Baada ya hapo tunaweka vigingi vikubwa: Uhuru, Desemba 1961. Kuuawa kwa Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, Februari 1969. Kuondoka kwa Samora kwenda kuchukua nchi yake, 1975. Habari inayotajwa "kabla ya Uhuru kidogo" tunajua pa kuiweka.

Mzee mmoja tuliyemwamkia alikuwa ameketi chini ya mwembe na wajukuu. Tulipomweleza tumefuata habari za reli alinyamaza, kisha akauliza, "Mwalimu, mnataka ya Wazungu au ya kwetu?" Nilimjibu ya kwetu, baba. Akawaambia wajukuu walete mkeka mwingine.

Mei, mwishoni. Waliopanda

Nimesikiliza rekodi zote upya na kuziandika. Naweka hapa yanayojirudia kwa watu wasiojuana, maana hayo ndiyo nayaamini.

La kwanza, treni ilikuwa ya mizigo hasa, na watu walisafiri nayo kwa shida zao za kawaida: msiba Lindi, ndugu Mtwara, ugonjwa uliohitaji hospitali, kijana anayekwenda kutafuta kazi ya mkonge pwani. Hakuna aliyetuambia alipanda kwa matembezi.

La pili, mizigo. Wanataja mihogo mikavu, ufuta, mbao, korosho, na karanga pia. Hizi za mwisho ni karanga za wakulima wenyewe, zilizolimwa kwa jembe la mkono katika eka moja, mbili. Bibi mmoja alisema kwa msisitizo kwamba mama yake alikuwa analima karanga kabla Mzungu hajaleta trekta na aliendelea baada ya trekta kuondoka. Nimeandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa mbele wa daftari langu. Magunia ya mama yake yalipakiwa kwenye reli iliyojengwa kwa ajili ya mashamba 55 ya ekari 30,000 ambayo hayakupatikana.

La tatu, stesheni ilikuwa soko. Treni ikitarajiwa, watu walikuja na mayai, kuku, ndizi, maji ya kunywa. Aliyekuwa na bidhaa ndogo alipata fedha taslimu siku hiyo hiyo, na fedha taslimu ndiyo iliyolipa kodi ya kichwa. Akina mama waliolea watoto kwa biashara ya jukwaani hawamo katika hesabu yoyote ya shirika la reli, kwa sababu hesabu ya shirika ilianza pale gunia lilipopimwa.

Juni. Kengele za shule

Jambo ambalo sikulipangia na limenifurahisha kuliko mengi: vipande vya reli.

Nchi hii shule nyingi hazina kengele ya kununua. Kuna kipande cha reli kinaning'inia mtini, mwanafunzi wa zamu anakigonga kwa chuma kingine. Tumeanza kuvipitia vya wilaya hii, na vya makanisani pia. Swali ni kama kweli vilitoka kwenye njia yetu, au ni vya reli ndogo za troli zilizokuwa kwenye mashamba ya mkonge kule Lindi. Kutofautisha si kazi ngumu. Reli ya troli ni nyembamba na fupi kimo, mtu mmoja anabeba kipande kirefu begani. Reli ya gari moshi ni nene kichwani, ina kitako kipana, na kipande cha urefu wa mkono tu kinakulemea.

Zaidi ya hapo, kiwanda kinapofyatua reli huwa kinaacha chapa ubavuni, herufi na tarakimu zilizoinuka: jina la kiwanda, mwaka, uzito kwa yadi. Ukisugua kutu kwa brashi ya waya na kupaka chaki, maandishi yanajitokeza. Wanafunzi wa darasa la sita kwenye shule moja walitusaidia kusugua kengele yao, na tarakimu zilipoanza kuonekana nyeupe juu ya chuma cheusi walipiga kelele hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini. Somo la historia lililofuata lilifanyikia pale pale chini ya mti.

Tunaviandikisha vyote kwa mahali, vipimo, na chapa inayosomeka. Hatuvichukui. Kengele ya shule ibaki kwenye shule.

Mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuzishikilia, ni habari nyingine. Reli za Afrika Mashariki zilitumia sana mataruma ya chuma kwa sababu mchwa hawali chuma. Yaliyobaki unayakuta kwenye nguzo za uzio na vivuko vya mitaro. Biashara ya vyuma chakavu imepita humo bila huruma, na kila mwaka vinapungua. Kama kuna jambo moja ninaloliomba kwa anayesoma shajara hii akiwa na kipande nyumbani, ni hili: kabla hujakiuza, kipige picha na upande wenye chapa uonekane.

Julai. Mgomo

Jana nimepata kiungo nilichokuwa nakitafuta bila kujua.

Mama mmoja, binti wa mfanyakazi wa reli, alituambia kuwa katika utoto wake kulikuwa na kipindi baba yake alikaa nyumbani muda mrefu. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa likizo. Hakukuwa na mshahara, na jirani waliwasaidia unga. Alikumbuka baba yake akienda mikutanoni jioni na kurudi amekasirika lakini ana furaha, maneno yake mwenyewe. Tulipouliza kwa vigingi, ilikuwa kabla ya Uhuru, yeye yuko darasa la pili.

Februari 1960 wafanyakazi wa reli wa Kiafrika Tanganyika waligoma kupitia chama chao, TRAU, kilichokuwa kinaongozwa na Kasanga Tumbo akiwa katibu mkuu. Mgomo ulidumu karibu miezi mitatu, mmoja wa mirefu zaidi katika historia ya wafanyakazi wa nchi hii. Miaka na darasa vinalingana. Siandiki bado kwamba ndiyo yenyewe mpaka mtu wa pili atuambie jambo hilo kwa njia yake, ila nimeshaanza kuwauliza wote waliolelewa kota za reli, na nauliza bila kutaja neno mgomo ili nisiwatie maneno mdomoni.

Likithibitika, litaugeuza mwisho wa hadithi. Inasimuliwa kana kwamba stesheni ya Nachingwea ilikuwa kichaka kilichosahauliwa kikisubiri kung'olewa. Karibu miaka miwili kabla ya Uhuru ingekuwa imefungwa kwa hiari na watu wake wenyewe, wakidai malipo bora pamoja na wenzao wa Tabora na Tanga.

Agosti. Kwa nini ilifungwa

Sura hii ndiyo iliyonichukulia muda kuliko zote kuiandika, kwa sababu ni rahisi kutafuta wa kumlaumu.

Reli ni gharama hata isipotembea. Tuta linakwanguliwa na mvua kila mwaka, madaraja yanakaguliwa, gangi za matengenezo zinalipwa, injini zinatunzwa, treni ipite moja au kumi. Njia hii ilipimwa na kujengwa ikitarajia mazao ya ekari zaidi ya milioni moja na nusu kwa upande wa kusini. Mzigo huo haukuja. Wakulima wadogo walizalisha, na miaka ya 1950 korosho zilikuwa zinaongezeka, lakini mikorosho huchukua miaka kabla ya kuzaa vizuri, na vitabu vya shirika la reli vilifungwa kila mwaka. Hasara ikarundikana. Serikali mpya ya Tanganyika ilipokea nchi Desemba 1961 ikiwa na fedha kidogo na mahitaji mengi, na 1962 reli ya kusini ikafungwa.

Naelewa kila hatua ya hesabu hiyo. Bado nasema kipimo chake hakikuwa cha haki. Stesheni ilihukumiwa kwa mzigo wa mpango uliokufa ikiwa na umri wa mwaka mmoja. Kama ingepimwa kwa korosho ambazo kusini ilikuja kuzalisha miaka iliyofuata, mpaka Mtwara na Lindi zikawa uti wa mgongo wa zao hilo nchini, pengine wahesabu wangesita. Haikungojewa.

Na kilichofuata hakimo kwenye hesabu kabisa. Baada ya 1962 kusini ilibaki na barabara ya vumbi na mto Rufiji katikati yake na Dar es Salaam. Mvua zikikolea, kivuko hakivuki, na watu walilala njiani siku hadi siku. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Hiyo ni miaka 41 tangu treni ya mwisho. Reli hii haikufika Dar es Salaam, najua, lakini iliwafikisha watu wa bara ya kusini bandarini, na bandari ina meli. Yeyote aliyewahi kusikia wazee wa huku wakisema "kusini tulisahauliwa" asikie na tarehe hizi mbili pamoja.

Septemba. Baada ya treni

Tumekubaliana sura ya mwisho isiwe 1962. Mji haukufungwa pamoja na reli.

Shirika lililorithi mashamba ya karanga liligeuzwa 1955 kuwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, likaendelea na kilimo cha kiasi. Halafu kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Shamba Namba 17, mojawapo ya mashamba yaliyopewa namba na wapimaji wa karanga, ndilo lililokuja kujulikana kama kituo chao. Samora Machel aliishi na kufundisha hapa, na Mei 1975 alianzia huku safari yake ya kutoka Rovuma hadi Maputo, kabla ya uhuru wa Juni 25.

Kwa hiyo ardhi iliyokatwa kwa hesabu za London ilitumika kuikomboa Msumbiji. Wazee wanasimulia vipindi hivi viwili kwa pumzi moja, na mwanzo tulipata taabu kuvitenganisha: lori la jeshi kwenye hadithi ya treni, treni kwenye hadithi ya Samora. Sasa sivitenganishi tena kwa nguvu. Tarehe naziweka sawa pembeni mwa ukurasa, na simulizi linabaki lilivyosemwa, kwa sababu kwa aliyeishi hapa ni maisha mamoja, na mtoto aliyeuza mayai jukwaani ndiye aliyekuja kupeleka kuni kambini.

Oktoba, mwanzo. Korosho zimeanza

Wazee wako mashambani na tumesimamisha mahojiano kama tulivyopanga. Hali ya kazi ni hii.

Ramani: kipande cha kutoka mjini kuelekea Ruo kimekuwa cheusi sehemu kubwa. Eneo la stesheni yenyewe tunalipima kwa kamba. Nachingwea ilikuwa mwisho wa reli, na injini ya mvuke inapofika mwisho kwa kawaida hugeuzwa, ama kwa meza ya kuzunguka ama kwa pembetatu ya njia tatu, kwa hiyo eneo la stesheni ya mwisho mara nyingi huwa pana kuliko la stesheni ya kati. Viwanja vya nyumba vimeingia ndani yake, na wenye nyumba wametukaribisha vizuri baada ya kuona barua.

Maandishi: sura ya karanga imekamilika na ni fupi, kama nilivyoahidi. Sura ya waliopanda inaendelea kurefuka. Mwenzetu aliyetaka karanga ziwe nyingi ndiye sasa anayeleta habari nyingi zaidi za magunia ya mihogo.

Usomaji: rasimu ya sura mbili tumeisoma kwa sauti mbele ya wazee kadhaa kabla hawajaondoka kwenda mashambani. Walisahihisha mpangilio wa nyumba za kota, wakagombana kidogo kuhusu upande wa tenki la maji, wakakubaliana. Nimeandika makubaliano na nimeandika pia ugomvi.

Kuna mazungumzo ya serikali ya kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa ya mawe na chuma. Watu wanatuuliza kama kazi yetu inahusiana na hiyo. Nawajibu kwamba nitapeleka nakala kwa yeyote atakayepanga mzigo wa reli hiyo, na sura nitakayomfungulia kwanza ni ile ya magunia madogo madogo ya jukwaani.

Kabla ya Desemba: kukamilisha orodha ya kengele za shule zilizobaki upande wa Mnero, kupata shahidi wa pili wa mgomo wa 1960, na kuandika barua ya kuomba ruhusa ya kuweka bango dogo katika kata ya Stesheni lenye ramani, miaka miwili, 1949 na 1962, na orodha ya mizigo kama wazee walivyoitaja, mihogo ikiwa ya kwanza.